Kutuliza halijoto ya uyoga nyumbani: pima mfuko, si ukuta

Kipimajoto kilichotundikwa ukutani husoma joto la ukuta na la hewa iliyo karibu nao. Uyoga hauishi huko. Unaishi ndani ya mfuko, katikati ya mabua au vumbi la mbao, na utando wake mweupe unapoyala mabua hayo huzalisha joto lake wenyewe. Mfuko ulioshamiri unaweza kuwa na nyuzi 2 hadi 5 zaidi ya hewa ya chumba, na mifuko iliyobanana huzidi hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kukuapia kwamba chumba chake hakijawahi kuvuka nyuzi 30, na asiwe mwongo, huku mifuko yake imekufa kwa joto. (Nyuzi zote hapa ni za Selsiasi.)

Hatua ya 1: Chagua uyoga unaokifaa chumba chako

Wengi huanza na mbegu yoyote waliyoipata, kisha hununua hita na feni kulazimisha chumba kiifuate mbegu. Anza upande wa pili: jua chumba chako kina joto gani, ndipo utafute mbegu.

Uyoga mamama wa kijivu, Pleurotus ostreatus, hutandaa vizuri mfukoni kwenye nyuzi 24 hivi, lakini ukifika wakati wa kuchipua hutaka ubaridi: nyuzi 12 hadi 18 ndiyo raha yake, na ikizidi 21 huanza kusuasua. Ndugu yake Pleurotus pulmonarius, ambao mara nyingi huuzwa kwa jina la sajor-caju, huvumilia hadi nyuzi 25 na kupita kidogo. Mamama wa waridi (Pleurotus djamor) na wa njano (Pleurotus citrinopileatus) ni wa joto. Hutoa vizuri kati ya nyuzi 20 na 30. Volvariella volvacea, uyoga wa majani ya mpunga, hutaka nyuzi 28 hadi 35, na Calocybe indica, ule mweupe mnene, hutaka kiasi hichohicho. Uyoga mweupe wa vifungo, Agaricus bisporus, ndio mgumu kwa mtu wa nyumbani: utando wake hutaka nyuzi 24 au 25, kisha ushushwe hadi 16 au 18 na ubaki hapo wiki kadhaa. Bila chumba chenye ubaridi wa asili au kiyoyozi, huo sikushauri uanze nao.

Kila aina ina koo zake, na ukoo mmoja wa mamama unaweza kupishana na mwingine kwa nyuzi kadhaa. Muulize anayekuuzia mbegu: ukoo huu huchipua kwenye nyuzi ngapi? Asiyejua kujibu, tafuta mwingine.

Hatua ya 2: Pima chumba kabla ya mfuko wa kwanza kuingia

Tafuta kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini kabisa. Kile kinachoonyesha joto la sasa tu hakitakusaidia sana, kwa sababu saa zinazoamua ni saa 9 alasiri na saa 10 alfajiri, na saa hizo kwa kawaida uko kazini au usingizini. Kiwe na kipimaunyevu pia kama inawezekana.

Kabla ya kukiamini, kijaribu. Kama kina waya wenye ncha inayoweza kuloweshwa, jaza glasi barafu iliyopondwa, mimina maji kidogo hadi mianya ijae, koroga, chovya ncha na usubiri dakika chache. Kinatakiwa kusoma 0. Kikisoma 1.5, bandika karatasi yenye namba hiyo mgongoni mwake na uipunguze kila unaposoma. Vipimajoto vya bei rahisi hukosea kwa nyuzi 1 au 2 mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kiache chumbani wiki nzima, kwenye kivuli, mbali na dirisha. Siku tatu kiwe karibu na sakafu, siku nyingine tatu kwenye urefu wa rafu ya juu kabisa. Hewa yenye joto hupanda, hivyo usishangae ukikuta rafu ya juu ina nyuzi 3 au 4 zaidi ya sakafu. Tofauti hiyo si hasara. Ni kama una vyumba viwili ndani ya kimoja: juu kwa mifuko inayotandaa, chini kwa ile inayochipua.

Hatua ya 3: Chagua kona

Chumba cha katikati ya nyumba, chenye kuta zisizopigwa na jua, hushinda kifaa chochote. Ukuta unaotazama magharibi hunywa jua la alasiri na kulitema usiku. Chini ya paa la bati lisilo na dari pasahau. Nyuma ya friji pana joto linalokuja na kuondoka kila mota inapowaka, na jikoni ndiko halijoto hupanda na kushuka mara nyingi zaidi kwa siku.

Hatua ya 4: Usipande mbegu kwenye malighafi yenye moto

Malighafi, yaani mabua au vumbi la mbao, iliyochemshwa au kufukizwa kwenye nyuzi 65 hadi 80 hupoa kwanza kwa nje. Mkono utakudanganya. Choma kipimajoto safi hadi katikati ya rundo au ya mfuko. Kikisoma chini ya 30 unaweza kupanda, kikisoma 25 ni bora zaidi. Mfuko mkubwa uache upoe usiku kucha ukiwa umefunikwa. Mbegu iliyopandwa kwenye nyuzi 45 haitakuambia kitu siku hiyo. Utajua baada ya siku kadhaa, utakapoona ukungu wa kijani umetangulia kufika.

Hatua ya 5: Chumba cha giza, ambako mifuko mingi hufia

Kipindi cha kutandaa ndicho kinachotaka jicho zaidi. Siku za mwanzo mfuko hufuata joto la chumba. Utando ukishakamata na kuanza kusambaa kwa kasi, kwa kawaida kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, joto la ndani hupanda, hufika kilele, kisha hushuka taratibu mfuko unapomaliza kuwa mweupe. Kwa hiyo usiweke hewa ya chumba kwenye nyuzi 25 kwa kuwa umesoma kwamba utando unapenda nyuzi 25. Weka hewa kwenye 20 hadi 22, mfuko wenyewe utajiongezea zilizobaki. Kwa aina za joto, sogeza namba hizo juu kwa nyuzi chache.

Kupima ndani ya mfuko hakuhitaji kuutoboa. Chukua mifuko miwili iliyo katikati ya kundi, weka ncha ya kipimajoto katikati yao, ibane ikaze, funika kwa kitambaa, na usome baada ya nusu saa. Namba utakayoipata iko karibu sana na joto la pembeni mwa mfuko; kitovu kina zaidi kidogo. Vile vipimajoto vya kuelekeza kama bastola husoma ngozi ya mfuko tu. Vinafaa kwa kulinganisha mfuko huu na ule, si kwa kujua kilichomo ndani.

Kwa mamama wa kijivu mimi hutumia mipaka hii. Kati ya mifuko kukiwa na nyuzi 24 hadi 27, iache. Ikigonga 28, itenganishe mifuko na uwashe feni ipulize hewa pembeni, si usoni mwao. Ikigonga 30, hiyo si kazi ya kesho asubuhi. Kwenye 35 utando huanza kuumia, na kwenye 40 kwa saa chache unakufa. Wakati huohuo Trichoderma, ukungu wa kijani unaosumbua wakulima, hufurahia nyuzi 25 hadi 30. Joto linalomchosha uyoga wako linamchochea adui yake.

Baridi haina ukatili huo. Mfuko wa mamama wa kijivu uliokaa siku tatu kwenye nyuzi 14 utachelewa tu, kisha utaendelea. Ubaya wake ni kwamba kuchelewa kunawapa bakteria na ukungu muda wa kushika sehemu ambazo utando haujafika, kwa hiyo usiendekeze baridi katika siku kumi za mwanzo. Lakini ukilazimika kuchagua upande wa kukosea, chagua baridi.

Namna rahisi ya kupunguza joto la ndani ni kupunguza unene wa mfuko. Mfuko wenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 20 hutoa joto lake nje kwa urahisi. Wenye sentimita 35 hulizuia kitovuni. Acha pia nafasi ya vidole vinne kati ya mfuko na mfuko, na usiirundike juu kwa juu hata kama nafasi ni ndogo. Kundi la mifuko ishirini iliyogusana huwa mfuko mmoja mkubwa.

Dalili za mfuko uliopata joto kupita kiasi ni matone mengi ya jasho kwenye plastiki, majimaji ya njano au ya kahawia yaliyokusanyika chini, harufu ya uchachu, na utando uliosimama ghafla baada ya kwenda kasi. Majimaji ya njano peke yake si hukumu. Utando huyatoa pia unapopigana na bakteria. Ukiyaona pamoja na harufu mbaya, utoe mfuko huo chumbani.

Hatua ya 6: Kupoza

Kabla ya kununua chochote, tumia usiku. Fungua madirisha jua likizama, yafunge asubuhi kabla hewa ya nje haijaizidi ya ndani joto, funika vioo kwa pazia zito au gunia. Kuacha madirisha wazi mchana "ili hewa ipite" katika siku ya joto ni kualika joto ndani.

Njia ya pili ni maji yanayovukizwa: gunia bichi mlangoni, sakafu iliyonyunyizwa, kitambaa chenye maji mbele ya feni. Inafanya kazi vizuri mahali pakavu, na karibu haifanyi kitu mahali penye unyevu. Unaweza kujua kikomo chako kwa dakika tano. Funga kitambaa kilicholowa kwenye ncha ya kipimajoto, kipepee kwa feni, ngoja namba iache kushuka. Hapo ilipotua ndipo chini kabisa maji yanapoweza kukufikisha. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevuanga wa asilimia 40, kitambaa kitashuka hadi karibu nyuzi 20, na chumba kitafaidika sana. Unyevuanga ukiwa asilimia 90, kitaishia 28 na ushei, na maji yote utakayomwaga hayatabadili kitu. Ukiwa katika hali hiyo ya pili, rudi hatua ya 1 na uchague uyoga wa joto.

Chupa za barafu zinafaa kwa kasha au kabati dogo. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto lilelile ambalo lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, kwa hiyo barafu ina nguvu kuliko maji baridi kwa mbali. Ziweke rafu ya juu, kwa kuwa hewa baridi hushuka, na uweke sinia chini yake. Maji yanayotona yasiangukie mifuko. Badilisha asubuhi na tena saa 7 mchana.

Kiyoyozi hupoza kweli, ila hukausha hewa. Ukikitumia kwenye chumba cha kuchipulia, kirushia ukungu wa maji kiwe kinafanya kazi pamoja nacho.

Hatua ya 7: Kupasha

Kanuni hapa ni moja: pasha hewa, usipashe mfuko. Mkeka wa umeme uliowekwa chini ya mifuko huoka sehemu ya chini na kuikausha huku kipimajoto cha chumba kikisoma 18. Utundike ukutani, au uweke chini ya rafu tupu, mifuko ikae juu yake kwa umbali.

Mimi napenda zaidi ndoo yenye maji na hita ya tangi la samaki ndani yake, ikiwekwa chini ya kabati lililofunikwa kwa plastiki. Maji hupata joto polepole na kulitoa polepole, na hutoa unyevu palepale. Hita hiyo izame muda wote. Maji yakipungua ikabaki nje huharibika au kupasuka. Hata bila hita, madumu ya maji yaliyopangwa ukutani hutuliza chumba, kwa sababu lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa kwa kila nyuzi. Mchana hulimeza, usiku hulirudisha. Ni kifaa kisichotumia umeme na kisichoharibika.

Jiko la mkaa usiliingize kabisa. Hutoa kaboni monoksaidi, ambayo huua watu bila harufu, na hewa ukaa yake hufanya mashina ya uyoga yawe marefu na kofia zibaki ndogo.

Ukitumia themostati, yaani swichi inayowasha na kuzima kifaa kwa kufuata joto, ncha yake iwe katikati ya mifuko, isiwe mbele ya hita wala ya feni. Acha pengo la nyuzi 1 hadi 2 kati ya kuwaka na kuzima. Ukilibana pengo hilo, kifaa kitawaka na kuzima kila dakika hadi kife. Chenye kompresa, yaani friji au kiyoyozi, kipe mapumziko ya dakika 3 hadi 5 kabla ya kuwaka tena. Soketi ziwe juu ya urefu wa mifuko, na kila waya ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondokee sakafuni.

Hatua ya 8: Chumba cha mwanga, ambako halijoto hugeuka kuwa unyevu

Mfuko ukishakuwa mweupe wote, aina nyingi za ubaridi husubiri ishara: halijoto ishuke kwa nyuzi 5 hivi au zaidi, hewa safi iongezeke, mwanga uingie. Aina za joto hazihitaji kushushiwa halijoto. Hewa na mwanga vinawatosha. Toka hapo kazi yako ni kuzuia kuyumba, na sababu kubwa si joto lenyewe.

Chukua chumba chenye nyuzi 20 na unyevuanga wa asilimia 90, hali nzuri kabisa. Joto lake lipande hadi nyuzi 24 bila kuongeza maji. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, hivyo yaleyale yaliyokuwa asilimia 90 sasa ni asilimia 70 tu, na vichipukizi vidogo vinaanza kukauka na kugeuka kahawia. Sasa kishushe chumba hichohicho hadi nyuzi 18. Umegonga kiwango cha umande. Matone ya maji yanajikusanya juu ya kofia kama kwenye kioo cha dirisha alfajiri. Kofia ikikaa na maji kwa saa nyingi, bakteria Pseudomonas tolaasii huipaka madoa ya kahawia. Nyuzi 4 juu, umekausha. Nyuzi 2 chini, umelowesha. Anayelalamika kwamba unyevu wake "haushikiki" mara nyingi ana tatizo la joto.

Kwa hiyo ruhusu kuyumba kwa nyuzi 2 au 3 kati ya mchana na usiku, na usiku punguza kunyunyiza. Nyunyiza asubuhi na mchana, kiasi ambacho kofia zitakauka usoni ndani ya saa 2 au 3. Kuingiza hewa safi ni lazima, ila chagua saa: siku za joto alfajiri na usiku, siku za baridi mchana, mara nyingi kwa muda mfupi badala ya mara moja kwa muda mrefu.

Uyoga wenyewe utakupa taarifa. Mamama wa kijivu ukitoka mweusi-mweusi, mnene na polepole, chumba ni baridi. Ukitoka mweupe, mwembamba, na kutanua kofia kabla hujajua, kuna joto. Uvune mapema maana utamwaga vumbi la mbegu zake siku moja kabla ya ulivyotarajia. Mashina marefu hayahusu joto, ni hewa ukaa. Kofia zilizopasuka juu ni upepo mkavu, mara nyingi feni iliyoelekezwa vibaya.

Hatua ya 9: Umeme ukikatika

Hofu ya watu huwa baridi, lakini mifuko iliyo katika kutandaa inajipasha yenyewe. Kama ni siku ya baridi, isogeze karibu na uifunike kwa blanketi. Kama ni siku ya joto, fanya kinyume: itawanye, hata sakafuni sebuleni kwa usiku mmoja, kisha pima kati ya mifuko kila baada ya saa chache. Mifuko inayochipua ifunike kwa plastiki kwa ulegevu ili unyevu usipotee.

Hatua ya 10: Baada ya kuvuna

Uyoga uliovunwa unaendelea kupumua na kutoa joto. Vuna alfajiri, ukiwa bado baridi, uuweke kwenye mfuko wa karatasi au chombo chenye matundu, uingie frijini kwenye nyuzi 1 hadi 4 ndani ya saa moja. Plastiki iliyofungwa huukusanyia jasho hadi uteleze. Volvariella haihifadhiwi hivyo. Ubaridi wa friji huuharibu, nyuzi 10 hadi 15 ndizo zinazoufaa, na hata hapo ule mapema. Vivyo hivyo mbegu: za mamama wa kijivu hukaa vizuri kwenye nyuzi 2 hadi 4, lakini za mamama wa waridi na za Volvariella usiziweke frijini, zitakufa zikiwa bado nyeupe machoni pako.